Mtoto Aliyekariri Kitabu
(Hotuba fupi iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa nizungumzie utumishi serikalini. Mniwie radhi, nitamzungumzia binti yangu.

Alipokuwa darasa la pili alinisomea ukurasa mzima bila kukwama. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja katikati ya sentensi. Kimya. Akaanza upya kutoka juu, kama mwimbaji aliyepotewa na beti. Kumbe alikuwa amekariri. Nami, mwenye digrii, niandikaye madokezo ofisini kila siku, sikujua. Usiku ule nilimfokea. Kesho yake akakificha kitabu.

Aliyetuokoa ni mama yangu. Yeye alijua kusoma akiwa mtu mzima, katika madarasa yaliyoenea nchini baada ya 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Akaniambia, "Mwanangu, sisi hatukufokewa."

Hakuanza na kitabu. Walipiga makofi: ki-ta-bu, makofi matatu, me-za, mawili. Sikio kwanza. Kisha akaokota vizibo vya soda, akaviandika herufi, akamfundisha sauti zake, si majina yake. Maana mtoto anayetaja "em" na "a" haoni "ma" inatoka wapi. Kiswahili kimetupa bahati: irabu ni tano tu, na herufi hazibadilishi sauti ovyo. Ma, me, mi, mo, mu. Halafu mama, mume, mimi. Herufi b na d zilimchanganya, basi Bibi akaificha d wiki nzima mpaka b ikazoeleka. Mb, nyw na ng' zilikuja mwisho kabisa, tena kwa taabu.

Kisha wakatunga maneno yasiyokuwapo: "nemupa", "toduba". Hayo hayakaririki wala hayabahatishiki; sharti uyasome. Mtoto alicheka sana. Robo saa kila jioni, basi.

Vijana, likizo ikifika mtawakuta wadogo zenu nyumbani. Funikeni picha, muulize neno moja. Akikwama, msimcheke wala msimsemee kwa baba, tafuteni vizibo.

Binti yangu bado husoma polepole. Mwezi uliopita tulikuwa ndani ya basi, lori la mafuta likatupita. Akasoma ubavuni mwake: "Ha-ta-ri." Neno hilo halimo katika kitabu chake.