Tovuti Yetu ni Amana



Tumetakiwa tuzungumze juu ya uhifadhi wa tovuti yetu. Huenda baadhi yenu mkaona kwamba hili ni jambo la vijana wa kompyuta tu. La, sivyo. Yaliyomo ndani ya tovuti hiyo ni mali ya jumuiya nzima: hotuba, majina ya waliochangia ujenzi wa msikiti, na sauti za wazee wetu. Mwenye kulinda mali ya watu ni mshika amana, na amana huulizwa.

Sote tunakumbuka yaliyotupata. Asubuhi moja tovuti haikufunguka. Kampuni tuliyopanga nafasi kwayo ikatujibu kwamba diski imeharibika, wala wao hawana nakala. Tukamwendea ndugu aliyekuwa akitoa nakala kwa mkono kila Ijumaa; kumbe aliugua, na baada ya kupona kazi nyingine zikamzonga. Nakala yake ya mwisho ilikuwa ya miezi minane nyuma. Katika miezi hiyo tulikuwa tumerekodi mazungumzo ya wazee wawili ambao sasa wamekwisha fariki. Sauti zao hatutazisikia tena. Hatumlaumu ndugu yetu. Kosa ni letu sote, kwani tuliiweka amana ya wengi juu ya kumbukumbu ya mtu mmoja.

Basi kazi hiyo tukaikabidhi kwa mashine. Katika seva za Linux imo programu iitwayo cron, ambayo huamka saa iliyopangiwa na kutekeleza amri ilizoandikiwa. Sisi tumeipangia saa nane usiku, wakati wasomaji ni wachache. Kwanza hufunguliwa folda mpya yenye jina la tarehe ya siku hiyo. Pili hutolewa nakala ya hifadhidata, ambamo makala hukaa. Tatu mafaili ya picha na sauti hufungwa kuwa furushi moja.

Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2025-03-09, ili folda zijipange zenyewe kwa mfuatano. Mtauliza: kwa nini folda nyingi, isitoshe moja? Ni kwa sababu hasara haionekani siku ile ile. Makala ikifutwa Jumatatu nasi tukatambua Alhamisi, nakala moja iandikwayo upya kila usiku itakuwa imekwisha ipoteza. Lakini mwenye folda za siku 30 huirudia ile ya Jumapili, akaikuta makala yake salama.

Yako mambo matatu ya kuangaliwa. Seva nyingi hufuata saa za UTC, zilizo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa muda wa saa tatu. Saa nane yetu ya usiku kwao ni saa tano ya usiku uliotangulia, na folda hupewa tarehe ya jana. Tena folda hizo zisikae mahali ambapo wageni wa tovuti huweza kufika, wasije wakachukua majina na siri za watu. Na folda kongwe isifutwe mpaka ya leo ihakikishwe kuwa ni nzima. Mashine ifutayo bila kutazama, kama kazi imekwama mwezi mzima, itafuta hata nakala njema ya mwisho.

Wakubwa kuliko sisi wamefikwa na haya. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa hifadhidata yao kuu. Walikuwa na njia kadhaa za kutoa nakala, lakini walipozikimbilia ile ya kila siku ilionekana haikuwa ikifanya kazi, na barua za kuonya hazikuwa zikiwafikia. Waliokolewa na nakala iliyokuwa imetolewa kiasi cha muda wa saa sita kabla. Na tarehe 10 Machi 2021 jengo la OVHcloud liliungua mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja waliokuwa wameweka tovuti na nakala mahali pamoja walipoteza vyote viwili.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya namna hii huoza kimya kimya isipofunguliwa. Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kila usiku nakala ipelekwe pia kwenye kompyuta iliyo mji mwingine. Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi vijana wawili wachague folda moja, waisimamishe tovuti kutoka humo, wasome ukurasa mmoja na kusikiliza sauti ya mzee mmoja mpaka mwisho. Wakiisikia, ndipo watuambie kwamba tunayo nakala.

Wassalaam.