Santuri ya Bendi Iliyokwisha Kuvunjika

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika chakula cha jioni cha mkutano wetu wa mwaka)



Ndugu Katibu ameniomba niseme machache juu ya kumbukumbu, akaniwekea sharti moja tu: nisiwachoshe. Basi nitawasimulia habari za vijana wa shule katika mji wa Washington, Marekani, ambako nimefanya kazi ya ukutubi kwa miaka mingi. Ni habari za muziki wa panki. Najua wadogo zetu wakisikia neno hilo wanafikiria mtindo wa kunyoa nywele, na mwalimu wa nidhamu anafikiria hivyo hivyo. Mimi nasema habari za muziki wenyewe, muziki wa kasi na kelele, wenye nyimbo fupi ambazo nyingi hazifiki dakika mbili.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika shule ya sekondari iliyoitwa Wilson, walisoma wavulana wawili, Ian MacKaye na Jeff Nelson. Mmoja alipiga gitaa la besi, mwingine ngoma. Pamoja na wenzao wawili waliunda bendi ya Teen Idles. Waliowatangulia na kuwaonyesha njia ni Bad Brains, vijana wanne weusi wa Washington na viunga vyake, waliopiga panki na rege kwa ustadi ule ule.

Tabu ya kwanza ya wanafunzi hawa ilikuwa mlangoni. Vilabu vya muziki viliuza pombe, kwa hiyo mtoto wa shule hakuruhusiwa kuingia. Kiangazi cha mwaka 1980 walisafiri hadi California. Huko San Francisco, katika kilabu kiitwacho Mabuhay Gardens, waliruhusiwa kuingia kwa sharti la kuchorwa alama kubwa ya X mkononi, ili muuzaji asiwape pombe. Waliporudi nyumbani waliupendekeza utaratibu huo. Baadaye vijana wengi walioacha pombe kwa hiari yao waliichukua alama hiyo ikawa nembo yao. Neno la kuzuiwa likageuka neno la kujivunia.

Bendi hiyo iliishi kama mwaka mmoja tu, ikavunjika mwishoni mwa 1980. Walikuwa na akiba ndogo waliyoiweka kutokana na maonyesho yao. Wangeweza kugawana, kila mtu akashika njia yake. Badala yake walikubaliana kuitumia fedha yote kutoa santuri ya bendi ambayo haikuwapo tena. Walitengeneza nakala 1,000. Majalada waliyakata, wakayakunja na kuyagundisha kwa mikono yao wenyewe, wakisaidiwa na rafiki zao. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza ya Dischord, kampuni yao ndogo iliyojifunga kutoa muziki wa Washington, na ambayo hushirikiana na wanamuziki kwa kuaminiana, bila mikataba ya maandishi.

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipokusudia kufika. Santuri ile haikutolewa ili kuitangaza bendi, kwa maana bendi ilikwisha kufa. Ilitolewa ili isemwe kwamba tulikuwapo, na wenzetu walikuwa nasi. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vijana wale wa miaka kumi na minane hawakuijua methali hiyo, lakini waliitimiza.

Wala haikuwa kazi ya kujipenda wenyewe. Mwaka 1985 liliundwa kundi la vijana lililoitwa Positive Force, likaandaa maonyesho ya kuchangisha fedha kwa ajili ya watu wenye shida. Juni mwaka huo huo vijana wa panki walikusanyika mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini wakapiga ngoma kuupinga ubaguzi wa rangi. Huku kwetu, vijana wa Afrika Kusini walikuwa wakisoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya chama chao cha ANC. Hawakujuana na wale wapiga ngoma, lakini shauri lao lilikuwa moja. Tangu 1987 MacKaye alipiga katika bendi ya Fugazi, iliyojulikana kwa kutoza kiingilio kidogo, mara nyingi dola 5, na kwa kukataa kumfungia mtu mlango kwa sababu ya umri wake.

Wengi wa watu hawa hawakupata umaarufu. Zilikuwapo bendi zilizopiga mara mbili katika chumba cha chini ya nyumba ya mtu, basi, zikaisha. Lakini mwaka 2014 maktaba ya umma ya Washington ilianzisha hifadhi ya panki ya mji huo. Watu walileta vipeperushi, kanda, picha na vijarida walivyovipiga chapa wenyewe, mambo yaliyolala miaka thelathini chini ya vitanda. Katika hifadhi ile, kipeperushi cha bendi ya maonyesho mawili huwekwa kwa uangalifu ule ule wa kipeperushi cha bendi iliyozunguka dunia. Hakuna anayeuliza nani alifaulu.

Na shule ile ya Wilson? Mwaka 2022 ilibadilishwa jina ikaitwa Jackson-Reed, kwa heshima ya mwalimu wa kwanza mwanamke mweusi na mkuu wa kwanza mweusi wa shule hiyo. Jina la zamani lilikuwa la rais aliyeruhusu watumishi wa serikali kutengwa kwa rangi zao. Nadhani walifanya vyema. Lakini tujifunze kwamba hata jina la langoni huondoka. Watu waliopita langoni hubaki pale tu wanapokumbukana.

Sasa nirudi kwetu. Humu ukumbini ipo mbao yenye majina ya viranja wakuu kwa rangi ya dhahabu. Ni vizuri. Lakini liko wapi jina la mzee aliyetupikia maharage? Yako wapi majina ya wenzetu walioondoka kidato cha pili kwa kukosa ada? Bendi yetu ya shule ilikuwa na watu sita. Leo tuko wawili. Tulitunga wimbo wa kuwaaga kidato cha nne, na shule nzima iliuimba. Hatukuwa na kanda. Mimi na mwenzangu tuliopo hapa tumejaribu tangu asubuhi, tumepata ubeti wa kwanza na kiitikio. Ubeti wa pili aliutunga mpiga tarumbeta wetu, naye tulimzika mwaka juzi. Umekwenda naye.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Sisi wazee, mkutano ujao kila mmoja aje na picha moja, na nyuma yake aandike majina ya wote wanaoonekana, hata yule wa pembeni aliyekatwa nusu. Nanyi wadogo zetu, mtuulize maswali, na mwandike majibu yetu kwenye daftari litakalokaa maktaba. Anzeni na yenu pia. Kama mna bendi, mna timu, mna kijarida cha ukutani, wekeni nakala sasa, kabla hamjamaliza shule.

Usiku huu, baada ya chai, sisi wawili tutauimba ubeti ule mmoja. Naomba kijana mwenye kalamu akae mbele.