Mtoto Anayepapasa Jioni



Je, mwanao hucheza vizuri mchana, lakini magharibi ikiingia hujikwaa na kupapasa ukuta? Usiseme amerogwa. Huenda amepungukiwa na vitamini A.

Mwaka 1960, wataalamu wawili wa Marekani, John Dowling na George Wald, walieleza jaribio lao. Waliwanyima panya vitamini A ya kawaida, wakawapa aina nyingine inayokuza mwili lakini haisaidii macho. Panya wakakua, wakaonekana wazima. Kumbe nyuma ya jicho, retina, yaani utando unaopokea mwanga, ilikuwa ikiharibika. Kwanza walishindwa kuona gizani, mwishowe wakapofuka.

Basi mama, usidanganyike na unene wa mtoto. Upofu wa usiku ukitibiwa mapema hupona, lakini retina ikishakufa hairudi.

Mpeleke kliniki apewe vitamini A kila miezi 6, tangu afikapo miezi 6 hadi atimize miaka 5. Nyumbani mpe mchicha uliotiwa mafuta kidogo, embe bivu, papai, boga na mayai.

Akianza kupapasa jioni, usingoje tarehe ya kliniki. Mlete kesho yake asubuhi. Usimnunulie dawa dukani, kwani vitamini A ikizidi hudhuru. Asipopata nafuu, daktari wa macho amwangalie, maana yako pia maradhi ya retina ya kurithi.

Jioni ya leo, mtazame mwanao anavyotembea. Kwaherini.