Kitenzi Katika Mlinganyo wa Kemia



Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, hatuwezi tena kudai kwamba Kiswahili hakina majina ya kutajia asidi, besi na ioni. Upungufu ninaouona mimi uko kwenye kitenzi. Niliwahi kufasiri maelezo ya milinganyo mitatu, na kote nikaandika "huyeyuka na kutoa". Mwanakemia aliyeyapitia akaniuliza: anayetoa ni nani, na anampa nani?

Swali lilinifedhehesha, maana ni swali la sarufi. "Yeyuka" yetu hubeba barafu juani na sukari ndani ya chai. Haiwezi kubeba na haya pia.

NaOH → Na⁺ + OH⁻

Katika haidroksidi ya sodiamu iliyo yabisi, ioni zimo tayari, zimeshikana. Maji huzitenganisha tu; hayapokei wala hayatoi protoni, ndiyo maana hayakuandikwa kushoto. Mshale huu usomwe "huachana".

HCl + H₂O → H₃O⁺ + Cl⁻

Hii ni habari nyingine kabisa. Gesi ya haidrojeni kloridi haina ioni. Ioni huzaliwa molekuli yake inapoyapa maji protoni. Kitenzi ni "kupa", chenye yambwa mbili: protoni ni yambwa tendwa, maji ni yambwa tendewa. Anayeyafuta maji amemfuta mpokeaji.

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Hapa maji ndiyo mtoaji. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba kila besi "hutoa" OH⁻ ataitafuta OH ndani ya amonia hadi usiku wa manane, na kosa si lake.

Na mshale wa pande mbili? Nadhani kauli ya kutendana inatosha: "hupokezana". Protoni huenda na kurudi. Asidi ya siki yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita, katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, huwa na molekuli 13 hivi tu katika kila 1000 zilizokwisha kutoa protoni. Mfasiri anayeusoma mshale huo sawa na ule wa HCl ameibadili siki kuwa asidi kali.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati zetu za istilahi ni dogo. Zikishamaliza kuorodhesha nomino, zikae tena ziamue mwalimu ausomeje mshale kwa sauti mbele ya darasa.