Mtungi wa Bibi na Swali la Mtoto

Kabla ya kuingia katika maudhui yangu naomba nianze na kisa cha kijana ambaye jina lake limeenea katika vitabu vya fizikia vya dunia nzima, hali wengi wetu hatukijui kisa chenyewe kwa ukamilifu.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika skuli ya Magamba, nchini Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenziwe. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaingiza katika jokofu. Siku moja, kwa kuchelea kukosa nafasi, aliyaingiza yake yangali moto. Na baada ya muda wa saa moja na nusu akayakuta yameganda, ilhali ya mwenziwe hayajaganda bado. Alipomwuliza mwalimu akaambiwa kuwa amechanganyikiwa. Hakuridhika. Baadaye alisikia kwa rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga kwamba huko nako maziwa huingizwa yakiwa moto ili yagande upesi. Na alipokuwa katika skuli ya Mkwawa, Iringa, akaja kuzungumza nao Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam, naye Mpemba akasimama akauliza swali lake, wenziwe wakamcheka. Osborne alilichukua swali lile, akarudi nalo Dar es Salaam, likajaribiwa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wataalamu hawajaafikiana juu ya sababu ya jambo hilo, na wapo wanaokanusha hata kutokea kwake.

Linalonishughulisha mimi ni ile miaka ya kati, baina ya swali kuulizwa na swali kusikilizwa. Kwa kuwa miaka kama hiyo imo katika nyumba zetu sote, na watoto walio wengi hawana ukaidi wa Mpemba. Mtoto huuliza kwa nini moshi wa ubani hupanda, kwa nini kivuli chake cha asubuhi ni kirefu kuliko cha adhuhuri, nasi humjibu kwamba ana maneno mengi. Naamini aghalabu hatumnyamazishi kwa ukali wa roho. Tunamnyamazisha kwa hofu, kwani tumelelewa tukidhani kwamba mtu mzima asiyekuwa na jawabu amevunjiwa heshima.

Mjukuu wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 7, alinijia asubuhi moja akaniuliza, "Babu, nani huja usiku kutia maji baridi mtungini?" Nilimwambia auguse mtungi ubavuni. Kiganja kikarudi na unyevu, akasema mtungi wa bibi unavuja. Tukateka maji yale yale kwa sufuria, tukaiweka kando ya mtungi, kivuli kimoja, vyote vimefunikwa. Na jioni akatia kidole huku na huku, akaona ya sufuria ni vuguvugu. Ndipo nikamlowesha mkono, nikamwambia aupepee. Alishtuka kwa baridi, akautazama mkono, akautazama mtungi, kisha akaenda mbio kuleta kitambaa, akakichovya majini, akaivika sufuria bila ya kuambiwa na mtu. Kwamba udongo wa mtungi una vitundu vidogo vipitishavyo maji, na kwamba maji yale yanapogeuka mvuke huondoka na joto la yaliyobaki ndani, hayo nilimweleza baadaye, kwa maneno machache, naye aliyapokea kama mtu anayeambiwa jina la rafiki aliyekwisha kumzoea.

Gharama ya somo lile ilikuwa kitambaa. Kadhalika hamira ya mandazi, ikitiwa katika chupa pamoja na maji ya uvuguvugu na sukari, na puto likafungwa mdomoni, hulivimbisha puto lile kwa hewa yake; na mama anayeumua unga kila siku ndiye mwalimu aliye karibu zaidi.

Sisi wa pwani, fauka ya hayo, tuna bahari. Mtoto akichomeka kijiti ufukweni mahali maji yalipokomea kujaa, akarudi kesho yake, ataona kwamba maji yamechelewa kwa kadiri ya dakika 50. Na akiendelea hivyo mwezi mzima, huku akiutazama mwezi wa mbinguni, atajionea mwenyewe kwamba bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, huja unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, huangukia siku za katikati. Wavuvi wetu walilijua hilo, wakalipa majina. Mtoto mwenye majina hayo ana akiba kubwa ya ilimu kabla hajakanyaga skuli, na huzuni yangu ni kwamba hufika darasani akaikuta ilimu ile ile imevikwa lugha ngeni, akadhani ni kitu ambacho hajapata kukiona. Kwa hiyo nawasihi, wazazi na walezi, zungumzeni na watoto mambo haya kwa Kiswahili, jikoni na ufukweni, na mnapokuwa hamna jawabu semeni kwamba hamnalo, kisha mkae nao mtazame.

Ilipoingia masika, mjukuu wangu alinijia kwa malalamiko kwamba mtungi umechoka, maji yake hayapoi tena kama zamani. Nilimwomba alete kitambaa chake. Alikilowesha, akakitundika barazani chini ya paa, akaketi kwenye kibao kukingoja kikauke. Na ilipofika adhuhuri, hali mvua inanyesha nje, alikuwa angali ameketi, kila mara akiinuka kukigusa.