Fidia ya Aliyedhurika kwa Chanjo: Hisani au Haki?

Atokaye Posta kwa miguu kwenda Feri hupita mbele ya jengo la Mahakama Kuu katika Barabara ya Kivukoni, na akilivuka soko la samaki huikuta Ikulu ya Magogoni. Hapo Ikulu, tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya wananchi, siku nne baada ya nchi kupokea dozi 1,058,400 za chanjo ya UVIKO-19 kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX. Kati ya majengo hayo mawili limo swali la mazungumzo haya: mwananchi akiamini kuwa chanjo imemdhuru, adai kwa nani, na dai lake limalizwe vipi?

Kwanza isemwe wazi kwamba chanjo imeokoa umma. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980 kwa nguvu ya chanjo. Hata hivyo, hakuna dawa isiyo na hatari yoyote. Madhara makubwa ya chanjo ni nadra sana, na si kila maradhi yafuatayo sindano yameletwa na sindano. Hapo ndipo ugumu wa dai ulipo.

Mchukulieni mchuuzi wa samaki wa Feri aliyepooza baada ya kuchanjwa. Akitaka kuishtaki Serikali, sheria humtaka atoe notisi ya siku 90. Shauri la madhara ya namna hiyo kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Kisha athibitishe kwamba palikuwa na uzembe, na kwamba uzembe huo ndio uliomdhuru. Wakili na daktari bingwa atawalipa kwa mauzo ya dagaa?

Pande mbili zaweza kupatana kabla ya hukumu, na mapatano yakiandikwa mahakamani huwa na nguvu ya amri ya mahakama. Mdai akiwa mtoto, anayemsimamia hawezi kupatana kwa niaba yake bila idhini ya mahakama. Kinga hiyo ni ya busara, kwa maana mwenye dhiki huweza kukubali kidogo cha leo akapoteza kikubwa cha kesho.

Mwaka 2021 COVAX ilianzisha utaratibu wa fidia kwa nchi 92 zenye kipato kidogo na cha kati. Mdai hakutakiwa kuthibitisha kosa la mtu, wala kulipia maombi. Alitakiwa kuonyesha kwa ushahidi wa daktari kwamba chanjo ilimletea ulemavu wa kudumu, au kwamba ilimwua ndugu yake. Lakini aliyepokea malipo aliyapokea kuwa mwisho wa madai yake yote juu ya dhara hilo. Uingereza, kwa sheria yake ya 1979, hulipa pauni 120,000 hivi sasa, na mlango wa mahakama hubaki wazi. Nchini Marekani, takriban asilimia 60 ya fidia hizo hutokana na mapatano, bila Serikali kukiri kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha dhara.

Kwa hiyo kupatana si kukiri kosa, wala kulipwa si kuhongwa. Fidia isigeuzwe kuwa penye udhia penyeza rupia. Ni deni la jamii kwa mtu aliyenyosha mkono wake ili wengine wapone.

Msingi huo si mgeni Tanzania. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 humlipa mwalimu au karani aliyeumia kazini bila kumwuliza nani alikosea. Aliyeumia kwa kuitikia wito wa afya ya umma ana hoja ile ile. COVAX ilifungwa tarehe 31 Desemba 2023, lakini watoto wanaendelea kuchanjwa kila siku. Taifa linahitaji utaratibu wake lenyewe: wa wazi, wa haraka, wenye jopo la madaktari na nafasi ya kukata rufaa.

Na hati ya mapatano iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti, na mdai apewe muda wa kushauriana na watu wake kabla ya kutia dole gumba. Mwananchi anayejua kwamba hatatupwa akiumia, huunyosha mkono wake bila hofu.