UPEPO, JUA NA NYAYA ZA TAIFA
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei



Mmeniomba nizungumzie swali lililozua ubishi katika jumuiya zetu ndogo ndogo: je, umeme wa upepo na wa jua waweza kutegemewa? Ubishi huo ulipamba moto baada ya usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, Kenya ilipoingia gizani karibu yote, hata uwanja wa ndege wa Nairobi. Kulipopambazuka watu walikuwa wamekwisha kumpata mshitakiwa, nao ni upepo wa Turkana. Mimi si mhandisi, na seminarini hatukufundishwa umeme. Hata hivyo haki yadai kwamba mshitakiwa asikilizwe kabla ya hukumu.

Tuanze na yaliyosemwa. Kampuni ya kusambaza umeme ilieleza kwamba mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, iliyokuwa ikitoa megawati 270, yaani zaidi ya robo ya umeme wote wa saa ile, ilitoka ghafla katika gridi, na mitambo mingine ikafuata. Wenye mitambo hiyo wakajibu kwamba ilijizima kwa sababu volti katika gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Sitaamua kati yao. Lakini angalieni neno moja: katika maelezo yote mawili, hakuna aliyesema kwamba upepo uliacha kuvuma.

Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mahindi. Unaozalishwa sharti ulingane na unaotumika, sekunde kwa sekunde. Mizani hiyo huonekana katika mapigo ya umeme, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde. Robo ya uzalishaji ikiondoka kwa ghafla, mapigo hushuka, na mitambo iliyobaki hujiondoa mmoja baada ya mwingine ili isiharibike. Hali ingekuwa hiyo hiyo kama kingezimika kituo cha maji au cha dizeli chenye ukubwa ule. Kinachohitajika ni akiba iliyo tayari kuingia mara moja, na njia zaidi ya moja za kupitishia umeme. Watu wa Australia Kusini walijifunza hayo kwa uchungu. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya nyaya, kisha vituo kadhaa vya upepo vikajiondoa kutokana na jinsi vifaa vyake vya kinga vilivyokuwa vimepangwa, na jimbo zima likazimika. Wakavipanga upya vifaa hivyo, na mwaka uliofuata wakajenga huko Hornsdale betri ya megawati 100. Vinu hawakuving'oa.

Sisemi kwamba upepo hauna kasoro. Ule wa Turkana huvuma kwa nguvu zaidi usiku wa manane kuelekea asubuhi, wakati wengi wetu tumelala na taa zimezimwa. Sisi twauhitaji umeme zaidi jioni, kati ya saa moja na saa tatu, na saa hizo jua limekwisha kutua. Anayesema kwamba jua na upepo pekee vyatosha, pasipo mvuke wa Olkaria, wala mabwawa, wala betri, hajatueleza kweli yote. Lakini naye anayesifu umeme wa zamani amesahau upesi mno. Katika ukame wa mwaka 1999 na 2000 mabwawa ya Mto Tana yalipungukiwa maji, tukaishi kwa mgao, na jenereta za dizeli zilizoletwa kutuokoa zilikuwa ghali.

Nami nina la kuungama. Katika parokia niliyoitumikia zamani tulifunga sola katika zahanati, kwa ajili ya taa na jokofu la chanjo. Miaka michache baadaye betri zikafa, na hatukuwa tumeweka kando hata shilingi ya kununulia nyingine. Waamini walisema sola ni uongo, nami nikanyamaza, ingawa nilijua kwamba jua lilikuwa likiwaka kama kawaida na mzembe alikuwa paroko.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Huko Loiyangalani vinu 365, vyenye uwezo wa megawati 310, vilikuwa vimekwisha kusimamishwa mwaka 2017. Nyaya za kilometa 428 hadi Suswa hazikuwa tayari, kwa kuwa kampuni ya Kihispania iliyopewa kazi hiyo ilifilisika. Umeme haukuingia katika gridi hadi Septemba 2018. Mkataba ulitaka wenye vinu walipwe fidia ya kungojea, na fedha za umma zikatumika kwa kiasi cha mabilioni ya shilingi. Nani alitia sahihi mkataba wa vinu bila kuwa na hakika ya nyaya? Hilo halizungumzwi sana katika ubishi wetu.

Tena kuna ardhi. Vinu vimejengwa katika eneo la ekari 150,000, malisho ya wafugaji. Wenyeji walikwenda mahakamani mwaka 2014, na mwezi Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaka nishati inayochafua hewa iachwe pole kwa pole lakini bila kuchelewa. Katika waraka huo huo alitaka wenyeji wa mahali wapewe nafasi ya pekee katika majadiliano. Hatuna ruhusa ya kuchagua fundisho moja na kuliacha la pili, eti kwa sababu upepo ni safi.

Kabla ya bei ya umeme kubadilishwa, mamlaka ya nishati huita vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi. Mara nyingi viti huwa vitupu, au hukaliwa na wenye viwanda. Kikao kijacho kikitangazwa, nawaomba viongozi wa kanda wateue watu wawili wawili wa kuhudhuria. Waulize ni akiba gani imewekwa tayari ikiwa njia ya Suswa itakatika tena, betri zitajengwa lini, na wenyeji wa Loiyangalani wamepata nini. Tume itakutana nao kwanza ili kusoma hesabu pamoja. Waje na bili zao za miezi mitatu iliyopita.